Kona 21 za Zion

Ukisimama bondeni katika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah nchini Marekani, na kuinua macho kuelekea kilele cha Angels Landing, huioni njia. Unaona genge jekundu lililosimama wima, na mto Virgin ukipita chini yake. Hata hivyo njia ipo tangu 1926, na watu ambao hawajawahi kushika kamba ya kukwea huipanda asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Kwenda na kurudi ni kilomita 8.7, kupanda ni mita 453.

Kwa hesabu hiyo, kila mita kumi za mwendo zinakupandisha kama mita moja. Lakini mwinuko haukugawanywa sawasawa, na ufundi wenyewe umo humo. Kwanza njia inapanda genge kwa mizunguko mirefu, juani. Kisha inaingia Refrigerator Canyon, korongo jembamba lililochimbika katika ufa wa mwamba. Humo kuna kivuli, hewa ya baridi, na ardhi karibu tambarare. Wajenzi hawakulichimba, walilikuta. Walichofanya ni kuipitisha njia humo, hivyo mpandaji anapata kupumua kabla ya sehemu kali kuliko zote iliyojengwa kwa mikono.

Sehemu hiyo ni Walter's Wiggles, kona 21 zilizobanwa katika mpasuko wa mwamba. Zimepewa jina la Walter Ruesch, msimamizi wa kwanza wa hifadhi. Hapakuwa na nafasi ya kurefusha njia kwenda kulia wala kushoto, kwa hiyo ilikunjwa juu yake yenyewe. Kila mkunjo umeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa, na ukuta huo ndio unaobeba mkunjo wa juu yake. Ukiinua kichwa unaona soli za aliyekutangulia. Kwangu mimi, hapa ndipo penye kazi bora kuliko hata kileleni.

Baada ya Scout Lookout, mahali palipo juu ya kona hizo, ujenzi unakwisha. Kilichobaki, kama mita 800, ni mgongo mwembamba wa mwamba wenye shimo kubwa pande zote mbili. Pana vidato vilivyochongwa na minyororo iliyofungwa kwenye vyuma, basi. Jiwe lenyewe ni la mchanga, na nyayo za watu zimelisugua mpaka likawa laini, tena linateleza. Wanaopanda na wanaoshuka wanashika mnyororo mmoja. Wakiwa wengi, mmoja lazima auachie ili mwenzake apite.

Hakuna fundi ambaye angeweza kuupanua mgongo huo, na watu ni wengi. Mwaka 2021 hifadhi ilipokea wageni zaidi ya milioni 5, na kuanzia Aprili 2022 anayetaka kupita kwenye minyororo lazima awe na kibali kinachotolewa kwa bahati nasibu. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ni uamuzi sahihi, kwa kuwa umegusa kitu pekee kilichoweza kupunguzwa pale juu: idadi ya watu. Asiye na kibali anaishia Scout Lookout, na kona zote 21 anazipanda bila kuulizwa.