"Sauti Isiyosikika": Uhakiki wa Jina na wa Majaribio

Tarehe 31 Mei, 2003, watu wapatao 700 walikusanyika kwa zamu mbili katika ukumbi wa Purcell Room, London, kusikiliza piano iliyopigwa na GéNIA. Walikuwa pia watu wa kujaribiwa. Ukumbini palikuwa na bomba lenye urefu wa mita 7 hivi, ambalo kazi yake ilikuwa kutoa mitetemo 17 kwa sekunde, yaani chini ya ile 20 ambayo vitabu huiweka kuwa mwisho wa usikivu wa binadamu. Vipande 2 kati ya 4 vilitiwa mtetemo huo. Katika onyesho la pili vikabadilishana zamu, na wasikilizaji hawakuambiwa ni vipi. Walijaza karatasi za maswali, na baadhi yao wakaandika kwamba walipatwa na wasiwasi, huzuni, baridi ya ghafula mgongoni, hata hofu. Waandaaji, miongoni mwao mtungaji Sarah Angliss na mwanasaikolojia Richard Wiseman, waliiita kazi yao Soundless Music, yaani muziki usio na sauti.

Jina hilo lavutia, lakini si la kweli. Mitetemo 17 ni sauti kama sauti nyingine. Tofauti yake ni kwamba sikio hudai nguvu nyingi mno kabla ya kuipokea. Ikipewa nguvu ya kutosha husikika, ingawa huja kama mapigo kuliko kama noti. Wajenzi wa vinanda vya makanisa walilijua jambo hili zamani: bomba lao la futi 32 hutoa mitetemo 16 hivi, nalo halikujengwa ili waumini wasipate kitu. Mfasiri wa Kiswahili hukimbilia kuiita "sauti isiyosikika", na hapo huongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Kitenzi kusikia hakikai sikioni. Mswahili husikia ngurumo, na husikia njaa, kiu, baridi, maumivu, usingizi na harufu ya karafuu. Mtoto asiyetii hasikii. (Kuona nako huvuka mipaka yake, kwani mtu huona baridi na huona haya, lakini hayo yastahili makala yake.) Basi na ichukuliwe karatasi ile ya London, itafsiriwe kwa wasikilizaji wa Mombasa au Unguja. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha sikio na kingine cha mwili, na jaribio zima lasimama juu ya utengano huo: msikilizaji asisikie, lakini ahisi. Mfasiri akiuliza, "Ulisikia nini?", atajibiwa, "Nilisikia baridi." Jibu hilo ni fasaha kabisa, wala haitajulikana liandikwe katika safu ipi. Akikimbilia kuhisi, amepata neno ambalo kwa wasemaji wengi lina maana ya kudhani pia. Asemaye "nahisi atakuja" hatoi habari ya mwili wake.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo isipuuzwe. Katika "kusikia baridi" kisikiwacho ni baridi, si sauti. Kwa hiyo sauti yaweza kubaki haijasikika huku baridi ikisikika. Hoja hiyo yafaa kwa baridi na kwa huzuni. Kwa kifua haifai. Aliyesimama karibu na msondo husema aisikia ngoma kifuani, na yambwa ya kitenzi hapo ni ngoma yenyewe. Ni kweli kwamba ngoma kwa kawaida hulia juu ya mitetemo 20. Walakini mfano huo waonyesha kwamba sikio na mwili hushirikiana kazi hata kabla ya mpaka kufikiwa.

Ushahidi wa London wenyewe ni dhaifu kuliko sifa zake. Hesabu ya 22% iliyotokana nao imeenezwa kwa njia mbili: wako waielezao kuwa ni fungu la watu waliopatwa na hali hizo, na wako waielezao kuwa ni nyongeza ya hali zenyewe. Mambo hayo si mamoja. Kisha mwaka 2009 Christopher French na wenzake walichapisha habari za chumba walichokitengeneza, ambamo watu 79 waliingia baada ya kuonywa kwamba huenda wakapatwa na mambo yasiyo ya kawaida. Wengi walipatwa, lakini kupatwa kwao hakukufuatana na kuwapo kwa mtetemo wala kutokuwapo kwake. Kisa cha Vic Tandy kilichochapishwa mwaka 1998, cha feni ya maabara iliyotoa mitetemo 19 hivi na mtu akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho, chasimulika vizuri, nacho ni cha mtu mmoja.

Jaribio lenye nguvu zaidi ni lile ambalo matokeo yake hayakutegemea maneno ya wasikilizaji. Daniel Cameron na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mwaka 2022 habari za onyesho la kundi la Orphx, ambapo vipaza sauti vya mitetemo 8 hadi 37 viliwashwa na kuzimwa kila baada ya dakika 2 na nusu. Vipimo vilivyovaliwa vichwani vilionyesha kwamba watu walicheza zaidi kwa 11.8% vilipowashwa, na katika jaribio la pembeni watu hawakuweza kutambua tofauti. Hapo hapana mzuka wala hofu. Pana miguu tu. Isisahauliwe, hata hivyo, kwamba 37 ni juu ya 20.

Likibaki jina, "sauti ya chini" haifai, kwa kuwa ni sauti ya mnong'ono, nayo yaweza kuwa nyembamba sana. Kiswahili hakipimi sauti kwa juu na chini tu, bali pia kwa wembamba na uzito, na ngoma na radi zina vitenzi vyake: kuvuma, kurindima, kunguruma. "Mvumo mzito" ni afadhali, kwa kuwa haukanushi sikio wala kifua. Kasoro yake ni kwamba uzito hauna mpaka: sauti ya mzee msimulizi ni nzito, na ya bahari ya kusi ni nzito pia, hata mwanafizikia itambidi kila mara aandike hesabu ya mitetemo kando ya neno.