Nguva Juu ya Mkeka

Nilirudi Somanga likizo na kitabu cha watoto ambacho ukikielekezea kamera ya simu, mnyama anainuka kutoka ukurasani. Wasomi huita uhalisia ulioongezwa. Ndiyo mada ya tasnifu yangu ya umahiri, na nilikwenda nikiwa mshabiki.

Mpwa wangu wa miaka saba alishangilia nguva alipoelea juu ya mkeka. Akamzungusha, akamkuza, akampindua. Kisha: "Mjomba, anakula nini?" Kitabu kimya. Alijibu babu yake, yaani baba yangu, aliyekuwa akishona jarife barazani: majani yaotayo chini ya bahari.

Kasoro ndiyo hiyo. Nguva wa kitabuni hana kwao. Wa kweli bado wapo wachache katika maji ya kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na hatari yao kubwa ni jarife: nguva hupanda juu kuvuta hewa, akinaswa anakufa maji. Kitabu kinalaumu plastiki tu. Plastiki ni adui rahisi, haina wajukuu wa kulisha.

Teknolojia yenyewe siikatai. Bahari tunaiona kutoka barazani, lakini chini yake mtoto haoni. Simu ingemwonyesha majani yale, na wavu ukiwa umetandazwa juu yake. Ila mwandishi angelazimika kuamua kwanza babu amweke wapi katika hadithi.

"Babu, wewe umewahi kumnasa?"

Baba akaendelea kushona.