Shahada kwa Wimbo wa Sauti Tano

Kwa karne kadhaa, shahada ya muziki katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, Uingereza, ilipatikana kwa utunzi. Mtahiniwa hakulazimika kuishi chuoni. Wengi walikuwa wapiga ogani na walimu wa kwaya wenye ajira zao makanisani. Walichodaiwa ni miaka ya kuutumikia muziki na utunzi mmoja mkubwa wa kuimbwa. Robert Fayrfax, aliyepata udaktari Cambridge mwaka 1504, aliwasilisha misa ya sauti tano iitwayo O quam glorifica, ambayo nota zake zipo hadi leo.

Kanuni za Oxford za mwaka 1636 ziliyaweka masharti hayo kimaandishi. Shahada ya kwanza ilihitaji miaka saba ya kujifunza au kufanya kazi ya muziki, pamoja na wimbo wa sauti tano ulioimbwa hadharani. Udaktari ulihitaji miaka mitano zaidi na wimbo wa sauti sita au nane.

Idadi ya sauti ndiyo iliyokuwa mtihani wenyewe. Kanuni kuu ya utunzi wa aina hiyo hukataza sauti mbili zilizoachana kwa tano kamili au kwa oktava kusogea pamoja zikiwa katika umbali uleule, kwa kuwa zikifanya hivyo kila moja hupoteza uhuru wake. Kwaya ya sauti nne ina jozi sita za kukagua. Ya sauti tano ina jozi kumi, na ya sauti nane ina ishirini na nane.

Ugumu huo huonekana hata katika hatua moja tu, kutoka mapatano ya do-mi-so kwenda re-fa-la. Besi ikipanda kutoka do hadi re, sauti tatu za juu hushuka: so huenda fa, mi huenda re, do huenda la. Kwa sauti nne kazi imekwisha. Sauti ya tano ikiongezwa juu ya so, mambo hubadilika. Ikienda la, inafuatana na besi kwa tano kamili. Ikienda fa, inairudia sauti iliyokwisha kushuka njia hiyohiyo. Njia inayobaki ni kuruka hadi re. Mtunzi hufanya uamuzi wa namna hiyo katika kila pigo la wimbo mzima, huku akihakikisha kila sauti inaimbika na maneno yanasikika.

Mwanamuziki Charles Burney alipita njia hiyo mwezi Juni 1769. Utunzi wake, uliotumia maneno ya Zaburi, ulikuwa wa waimbaji wa solo, kwaya na okestra, nao ulipokewa vizuri Oxford. Baadaye uliimbwa Hamburg chini ya mtunzi C. P. E. Bach. Burney alipewa shahada ya kwanza na udaktari kwa pamoja. Mwaka uliofuata alisafiri Ufaransa na Italia kusikiliza waimbaji, akamtembelea mwimbaji Farinelli huko Bologna, na mwaka 1771 akachapisha kitabu cha safari hiyo kikiwa na cheo chake kipya katika jalada la ndani. Historia yake ya muziki ilifuata kwa juzuu nne kati ya 1776 na 1789. Utunzi ndio uliompa mwandishi huyo cheo cha kuzungumzia uimbaji wa wengine.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba karatasi haisemi nani aliyeiandika. Frederick Ouseley, profesa wa muziki wa Oxford kuanzia 1855, aliiziba mwaka 1862 kwa kuanzisha mtihani wa maandishi kando ya utunzi. Mtunzi Hubert Parry alifaulu chini ya utaratibu huo mpya akiwa bado mwanafunzi wa shule ya Eton, kwa kantata.

Kasoro ya pili ilihusu mlango wenyewe. Mwaka 1856 mpiga ogani Elizabeth Stirling aliwasilisha Oxford utunzi wa Zaburi ya 130 kwa sauti tano na okestra. Kazi ilikubaliwa, lakini shahada hakupewa kwa kuwa alikuwa mwanamke. Oxford ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920, miaka ishirini na mitano baada ya kifo chake.

Leo, katika vyuo vikuu vingi, anayemaliza shahada ya juu ya utunzi hukabidhi mkusanyiko wa kazi zake pamoja na maelezo ya maandishi: alichagua maneno gani, aliyagawaje kwa sauti, na kwa nini. Hakuna tena hesabu ya sauti tano au nane. Maelezo hayo humlazimisha mtunzi kutetea kila uamuzi, jambo ambalo wimbo peke yake, hata ukiwa umekamilika kwa kanuni zote, haukuweza kulithibitisha.