Fundi Anayerudi

Mama mmoja muuza maharage wa Kasulu mjini ana madaftari mawili. La kwanza liko mezani, kila mtu analiona: magunia yaliyoingia, magunia yaliyotoka, bei ya siku. La pili hukaa chini ya mzani, limefungwa kwa mpira, na ndilo lenye biashara yenyewe. Humo mna majina ya wakulima aliowakopesha fedha za mbegu na za palizi, nao watamlipa kwa maharage wakati wa mavuno. Mfumo wa kompyuta aliouziwa miaka ya nyuma ulilijua daftari la mezani tu. Aliutumia msimu mmoja, akauacha, akarudi kwenye kalamu.

Kijana aliyemjia baadaye hakuja na mfumo. Siku ya kwanza hata kompyuta hakuigusa. Alikaa juu ya gunia, akasaidia kushika midomo ya magunia yakishonwa, akasikiliza. Daftari la pili lilipotajwa akaomba alione. "Mama, tuanze na hili," akasema. Wiki iliyofuata akaleta kitu kidogo kabisa: jina la mkulima, fedha aliyopewa, deni lililobaki. Basi. Mama akakitumia siku chache, akampigia simu. "Mwanangu, hapa nina watu watatu wa jina moja, na hii mashine yako imewafanya mtu mmoja." Kijana akarudi, akaongeza kitongoji.

Akarudi tena, na safari hiyo nilikuwapo. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya ununuzi na maandishi ya asubuhi nzima yakapotea. Gridi ya Taifa imefika na majenereta ya dizeli yamezimwa, lakini umeme kukatika bado ni jambo la kawaida, na programu isiyolijua hilo haijaijua Kasulu. Kijana aliandika kwa utulivu, akamwachia mama kibodi aingize deni moja, kisha akazima swichi ya ukutani kwa makusudi. Akaiwasha. Wakasubiri pamoja, vichwa vimekaribiana, waone kama mstari wa mwisho bado upo. Ulikuwapo. Mama akaguna kwa kuridhika, akarudi kwenye mzani.

Utaratibu huu wa kuleta kidogo, kujaribu na kurudi nauita ufundi, nami nauheshimu kwa dhati. Ulimwenguni unajulikana kama mtindo wa ajaili, na historia yake haihitaji maneno mengi: Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi. Walitaka programu inayofanya kazi itangulie mbele ya marundo ya nyaraka, mazungumzo na mteja yatangulie mbele ya kubishania mkataba, na mpango ukubali kubadilika hali inapobadilika. Mama wa Kasulu hajalisoma tamko hilo, ila faida yake anaiona kwenye hesabu zake. Alilipia hatua moja, akaiona ikifanya kazi, ndipo akalipia ya pili. Kijana angekosea, mama angepoteza fedha ya wiki moja. Kwa mfumo wa kwanza alipoteza fedha yote, na msimu mzima juu yake.

Huko Kibondo kuna mzee aliyenionyesha mizinga yake ya magome katika msitu wa miombo, na kila nikifikiri juu ya kazi ya programu humkumbuka yeye. Alitundika michache, akaipaka nta kidogo mlangoni, akaenda zake. Baada ya muda alirudi kuitazama. Uliopata nyuki aliuacha. Uliobaki mtupu aliushusha, akaunusa ndani, akautazama mti, akatazama maji yako upande gani, akauhamishia mti mwingine. Hakuwa na hasira na nyuki kwa kukataa mzinga wake. Alichukulia kwamba nyuki wamemwambia jambo, na kazi yake ni kulisikia. Siku hizi mizinga ya mbao huja kwa lori, mingi kwa mara moja, hugawiwa kwa hotuba na picha hupigwa. Nimeiona ikikaa mitupu, kwa sababu aliyeileta hakurudi kuuliza nyuki walikataa nini.

Mkoa wa Kigoma, zilimo Kasulu na Kibondo, ulikwisha kuonja ufundi huu wa kurudi. Mwaka 2009 Wizara ya Afya, pamoja na mpango wa kimataifa wa kupambana na malaria na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, zilianza jaribio la SMS for Life katika wilaya tatu tu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Zilikuwa zahanati, vituo vya afya na hospitali 129. Kila Alhamisi ujumbe uliingia kwenye simu ya mhudumu, ileile ya mfukoni mwake, ukimuuliza ana akiba gani ya dawa ya mseto na ya kwinini. Alijibu kwa tarakimu chache, bure, na akijibu kwa wakati aliongezewa salio. Hakuna aliyemtaka ajifunze kompyuta asiyokuwa nayo. Mwanzoni zaidi ya robo tatu ya vituo vilikosa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 vilibaki takriban robo. Kwa mzazi aliyembeba mtoto mwenye homa kutoka kijiji cha mbali, hiyo ni tofauti kati ya kukuta dawa na kukuta rafu tupu. Jaribio lilipothibitika, ndipo likapanuliwa.

M-Pesa ilizaliwa hivyohivyo. Jaribio la Kenya la mwaka 2005 lilikuwa la kurejesha mikopo midogo kwa simu, lakini watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wakitazama wakauweka mkopo kando, wakakifuata walichokiona. Huduma ikafunguliwa rasmi Machi 2007. Ilipovuka mpaka kuja Tanzania mwaka 2008 haikukimbia kama kule, ikabidi kujifunza upya juu ya bei na mawakala. Leo ni vigumu kuiwaza biashara ya Kasulu bila kutuma na kupokea kwa simu.

Sasa ninaona ufundi huu ukiachwa na hata wanaoutaja kila siku. Wamejifunza vikao vya asubuhi vya kusimama, wamebandika vikaratasi vya rangi ubaoni huko Dar es Salaam, na atakayeitumia programu yao Kibondo hawajamwona hata siku moja. Mfumo huja umekamilika, na semina yake, posho yake na fulana zake. Aliyefundisha huondoka. Miezi michache baadaye utaikuta kompyuta pembeni ya ofisi, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi, na karani anaandika kwenye daftari kubwa la mistari. Ukimuuliza, atakuambia kwa upole kwamba mfumo ni mzuri, ila kuna mahali unakwama. Anajua hasa unakwamia wapi. Hakuna aliyerudi kumuuliza, na hilo linaniuma kuliko fedha iliyopotea, maana alichokuwa nacho karani yule ndicho ambacho mfumo ulikikosa.

Enyi mnaonunua mifumo kwa ajili ya vyama vya ushirika, maduka, zahanati na halmashauri za Kasulu na Kibondo, msilipe yote siku ya uzinduzi. Lipeni kidogo kwa kitu kidogo kinachofanya kazi, na andikeni katika mkataba kwamba fundi atarudi, akae na karani, aone kalamu yake inaandika nini ambacho programu haikijui. Na ninyi vijana mnaoandika programu, pandeni basi mje. Madaftari ya pili ni mengi huku, na wenyewe wako tayari kuyafungua.