Kazi Zilizoachwa na Ini

Ini likiwa zima hakuna anayelikumbuka. Linachuja sumu zinazotoka tumboni, linatengeneza nyongo, linatengeneza albumini, protini inayoyazuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa, linatengeneza vitu vya kugandisha damu, na vidonge vingi tunavyomeza linavivunjavunja mpaka mwili uweze kuvitoa. Likifika mwisho, kazi zote hizo hubaki bila mwenyewe. Mahali pengine madaktari hufikiria kupandikiza ini jingine. Kwa mvuvi wa kando ya Ziwa Victoria hilo si jambo la kuzungumzia. Anayefika kwake ni muuguzi wa tiba shufaa, kwa bodaboda, begi mgongoni. Nimewatazama wauguzi hawa wakifanya kazi katika vijiji vya mwambao wa ziwa, na naona ufundi wao haujasifiwa inavyostahili. Zile kazi ambazo ini limeziacha, wao wanaziokota moja moja na kuzifanya kwa mikono, kwa kipimo na kwa saa.

Kanda ya Ziwa ina sababu zake za kuwa na maini yaliyochoka. Kuna homa ya ini B, ambayo wengi waliipata wakiwa wadogo, kabla chanjo yake haijaingizwa kwenye chanjo za kawaida za watoto Tanzania mwaka 2002. Virusi hukaa kimya miaka 20, hata 30, huku ini likijaa makovu. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho minyoo yake hutaga mayai yanayonasa kwenye mishipa midogo ya ini mpaka shinikizo la damu katika mishipa hiyo linapanda. Kuna pombe kali. Kuna sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ambayo ikimkuta mwenye homa ya ini B huzidisha sana hatari ya saratani. Mgonjwa anapofika mikononi mwa muuguzi, macho ni ya manjano, mikono imebaki mifupa, tumbo limejaa maji. Tumbo la namna hiyo kijijini lina maelezo yake tayari.

“Sista, watu wa mwaloni wanasema amerogwa,” mke wa mvuvi mmoja alimwambia muuguzi niliyekuwa naye, akiwa bado hajamkaribisha kukaa.

“Ya watu mimi siyajui, mama. Ninachokijua ni kwamba ini la baba limechoka, na hatalala na maumivu usiku wa leo.”

Hakubishana, hakukubali, na alitoa ahadi anayoweza kuitimiza kabla ya jua kuzama. Kila neno baada ya hapo lilisikilizwa.

Kutuliza maumivu hayo kuna historia ya kuheshimiwa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher’s huko London mwaka 1967, alisisitiza kwamba mofini itolewe kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kumngoja mgonjwa alie ndipo apewe. Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool, alifanya kazi Singapore na baadaye Nairobi Hospice, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Alikuja na mofini ya maji ya kunywa: unga wa mofini, maji, dawa ya kuzuia isiharibike, na rangi ya kutofautisha nguvu yake. Ni dawa ya bei ndogo, inayonywewa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, na jambo hilo lilifungua mlango kwa maelfu ya watu ambao wasingemwona daktari hata siku moja.

Lakini mofini kwa mtu wa ini ni habari nyingine, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Mgonjwa mwenye ini zima akinywa mofini, sehemu kubwa ya dozi huvunjwa na ini kabla haijafika kwenye damu. Ini lililochoka halivunji vya kutosha. Dozi ileile inaingia karibu yote na inakaa muda mrefu zaidi. Muuguzi asiyelijua hilo anaweza kumlaza mtu usingizi wa hatari kwa kipimo cha kawaida kabisa. Anayejua huanza na miligramu 2.5 tu, na badala ya kila saa nne anaipeleka kila saa sita au nane, kisha anapanda taratibu huku akiangalia pumzi na usingizi.

Nilimwona sista akimfundisha yule mke kupima. Mama hakuwa amesoma sana na tarakimu za bomba la sindano ni ndogo. Sista akavuta dawa mpaka kwenye mstari unaotakiwa, akaimimina tena chupani, kisha akalizungushia bomba plasta nyembamba pale pale kwenye mstari. “Dawa isivuke plasta.” Mama akavuta, ikavuka kidogo, akarudisha. Akavuta tena. Sista hakumshika mkono hata mara moja. Alingoja tu mpaka mikono ya mama ikaijua ile kazi yenyewe. Saa nazo zikawekwa kwa mambo ya nyumbani humo: kumi na mbili asubuhi moto unapowashwa, saa sita mchana, kumi na mbili jioni, na saa sita usiku, ambapo kijana mkubwa ndiye angeamka.

Zipo dawa zinazokaa kwenye begi bila kuguswa, na huo pia ni ujuzi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linaziuza, huweza kuziangusha figo za mgonjwa huyu na kumsababishia kuvuja damu. Parasetamo inaruhusiwa, watu wengi hushangaa, ila isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima. Piritoni haisaidii sana kwenye muwasho wa manjano, na usingizi wake humvuruga akili mgonjwa. Muwasho huo ni mateso kweli, hasa viganjani na nyayoni usiku. Sista huukabili kwa maji ya baridi, mafuta ya mgando mwilini kabla ngozi haijakauka, nguo ya pamba, na kucha zilizokatwa fupi. Kucha hizo huzikata mwenyewe, akiwa ameketi mkekani, na mara nyingi mgonjwa husema mambo wakati huo ambayo hajamwambia mtu.

Maji ya tumbo hutolewa kituo cha afya, na tabibu. Mgonjwa hulazwa ameegemea kidogo, na kidole hugongagonga tumbo kutoka kitovuni kwenda ubavuni mpaka mlio mwepesi wa hewa uwe mzito wa maji. Mahali panapochaguliwa mara nyingi ni upande wa kushoto, vidole viwili juu ya ncha ya mfupa wa nyonga na viwili kuelekea kitovu. Kisha kinakuja kitendo kidogo ambacho nisingekiona nisingeambiwa nikitazame: kabla ya sindano kuingia, mkono wa kushoto unaivuta ngozi chini kiasi cha sentimita mbili. Sindano inapita, maji yanaanza kushuka mrijani yakiwa na rangi ya chai nyepesi. Ikichomolewa, ngozi inarudi mahali pake, tundu la juu na tundu la ndani hayakutani tena, na tumbo halivuji. Bila mvuto ule mgonjwa angelala siku mbili kwenye shuka iliyolowa.

Hawatoi yote. Pasipo albumini ya kumrudishia kwenye mshipa, na ni ghali mno, wanabaki chini ya lita 5, kwa sababu maji yakitoka mengi kwa pamoja presha huporomoka na figo hufuata. Inatosha. Lengo ni mtu apumue, ainame, ale kidogo, ageuke kitandani.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya kulinda akili. Uchafu ambao ini lilikuwa likiuchuja, amonia ikiwemo, hupanda kichwani. Huanza kwa mambo madogo: mtu analala mchana na kukesha usiku, anamkaripia mtoto asiyemkaripia kamwe, anasahau njia ya kwenda chooni. Ndugu wanasema ni hasira, au ni mashetani. Sista huzitafuta dalili hizo mapema. Humwambia mgonjwa anyooshe mikono na kuinua viganja. Mikono ikidondoka ghafla na kuinuka tena, amepata jibu. Kwa yule mvuvi alikuwa na njia nyingine aliyoibuni mwenyewe. Alimwachia kipande cha wavu uliochanika, na kila alipokuja alimwomba ashone jicho moja mbele yake. Mtu aliyeshona nyavu tangu utotoni hafikirii fundo. Siku vidole viliposimama katikati ya fundo na macho yakabaki yakiutazama uzi, sista aliuweka wavu pembeni bila kusema neno, akamuuliza mke swali moja: baba amepata choo lini?

Siku tatu zilikuwa zimepita. Mofini hufunga choo, na kwa mgonjwa wa ini choo kilichofunga ni sumu inayorudi kwenye damu. Ndiyo maana dawa ya kulainisha huanza siku ileile mofini inapoanza. Laktulosi ndiyo bora: ni sukari ambayo mwili hauifyonzi, hufika utumbo mpana ikachacha na kuikamata amonia isirudi. Kipimo chake hakiandikwi kwa vijiko bali kwa matokeo: choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Kikizidi, mgonjwa anakaukiwa maji na akili inavurugika vilevile. Yule baba alinyweshwa, na jioni ya siku ya pili alikuwa akiuliza bei ya dagaa.

Kuhusu chakula, nampenda muuguzi anayejua wakati wa kulegeza kamba. Mwanzoni anasisitiza chumvi ipungue, na uji unywewe kabla ya kulala ili mwili usijile wenyewe usiku. Siku zikishabaki chache anasema, mpeni anachotaka. Akitaka dagaa wa chumvi, apewe. Maji yakirudi, tumbo litatobolewa tena.

Kisha ni damu. Mishipa ya koo la chakula iliyovimba huweza kupasuka, na mtu akatapika damu nyingi kwa dakika chache. Kuna wauguzi wasiolitaja hili kwa kuogopa kutisha. Wazuri hulitaja, mchana, kwa sauti ya kawaida, na kwa mtu mmoja au wawili wenye moyo mgumu katika familia. Huwaomba wawe na kaniki mbili karibu na kitanda, kwa kuwa kwenye kitambaa cheusi damu haionekani kama ilivyo kwenye shuka nyeupe. Huwaonyesha jinsi ya kumlaza upande wa kushoto. Huwaeleza kuwa ipo sindano ya kumtuliza, na kwamba kama sista hajafika, kazi yao ni kukaa naye na kumshika, wasikimbie kutafuta gari. Katika nyumba nyingi zile kaniki hazitumiki kamwe. Nimeona jinsi watu wanavyolala vizuri zaidi zikiwepo.

Matanga yakishaanuliwa, sista hurudi. Huichukua chupa ya mofini iliyobaki, hupima kilichomo, huandika kwenye daftari na mtu wa nyumbani hutia saini. Kisha huwauliza watoto, na wadogo zake marehemu, kama wamewahi kupimwa homa ya ini B. Anakuja na vipimo ndani ya begi lilelile. Asiye na virusi na hajachanjwa huchomwa sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Mwenye virusi hupewa barua ya kwenda kliniki, na sista huiandika palepale ukumbini, akimweleza kuwa zipo dawa kama tenofoviri zinazoweza kuvizuia virusi ini likiwa bado linafanya kazi zake.