Usawa wa Zabuni si Usawa wa Ajira: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Uganda Ikitazamwa kutoka Ediofe

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Uganda ya 2003, hasa baada ya marekebisho ya 2021, husifiwa kwa kuwafungulia mlango wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sifa hiyo ni ya haki, ila imevuka kipimo. Kinachogawanywa na mpango huo ni zabuni. Kikundi cha wanawake kilichosajiliwa kinaweza kutengewa zabuni ya kushona sare, lakini kampuni inayopewa mabilioni ya kujenga barabara hailazimishwi na sheria hiyo kuwasilisha mpango wa usawa wa ajira kabla ya kutia saini mkataba. Mijadala ya sera mara nyingi huyachukua mambo haya mawili kuwa ni moja.

Kutoka Ediofe, kilima cha kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, kasoro hiyo si ya nadharia tu. Utawala wa kikoloni uliifanya West Nile kuwa chimbuko la vibarua: wanaume walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, na wengine waliingia jeshini. Leo lami inatoka Vurra hadi Oraba kupitia Arua na Koboko, na Benki ya Dunia inafadhili barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo. Swali la nani awe mhandisi na nani ashike koleo lina historia ndefu hapa. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi, lakini orodha yake haitaji kabila waziwazi, ilhali ibara ya 21 ya Katiba ya 1995 inalitaja. Mkakwa au Mlugbara anayenyimwa kazi ya ujuzi kwa sababu ya kabila lake anaachiwa kuegemea maneno ya jumla kama “asili ya kijamii”.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi uliojumuisha barabara ya Kamwenge–Fort Portal, baada ya malalamiko ya wakazi, yakiwamo ya wasichana kudhulumiwa kingono na wafanyakazi wa mkandarasi. Baadaye masharti ya kijamii katika miradi ya benki hiyo yalikazwa. Kinga hiyo, basi, huja na mkopeshaji. Barabara inayojengwa kwa kodi ya Waganda wenyewe haina mkopeshaji wa kuidai.

Jambo la ajabu ni kwamba dola tayari inajikagua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka bajeti za wizara zipate cheti cha jinsia na usawa, kwa ushauri wa Tume ya Fursa Sawa. Fedha zinakaguliwa zikiwa mezani kwa waziri. Zikishafika kwa mkandarasi, cheti hicho hakimfuati.

Kenya, pamoja na asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa makundi maalumu tangu 2013, ina upungufu uleule. Tanzania imekaribia zaidi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa, ingawa haiufungamanishi na zabuni. Afrika Kusini ndiyo iliyoufunga mkataba wa serikali na cheti cha usawa wa ajira, na kifungu hicho kimeanza kutumika Januari 2025, mwezi uleule ambao Marekani ilifuta agizo lake la 1965 lililowabana wakandarasi. Wajibu unaotegemea agizo la rais hufutwa kwa saini moja. Uganda ikitaka wa kudumu, mahali pake ni ndani ya sheria.

Mpango wa aina ya Tanzania, uambatanishwe na mkataba na uhakikiwe kabla ya kila malipo, ungetosha kuanzia. Hesabu yake itenganishe kazi za ujuzi na za kibarua, kwani asilimia ya jumla hufichwa kirahisi na umati wa wachimba mitaro. Tena ubandikwe eneo la ujenzi kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, ambacho marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Kibarua wa Koboko hawezi kudai sharti lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma.