Duara Limefungika: Ndani ya Metro Mpya ya Mzunguko ya Moscow

Limefungika! Tarehe 1 Machi 2023 vituo tisa vya mwisho vya njia ya Bolshaya Koltsevaya vilifunguliwa kwa mpigo mmoja, na Moscow ikapata duara la metro ambalo hakuna jiji jingine duniani lenye mfano wake: kilomita 70 ukijumlisha na matawi yake, vituo 31, karakana tatu za treni. Beijing ndiyo iliyokuwa ikishikilia rekodi kwa njia yake namba 10, kilomita 57. Rekodi imehama. Nimelizunguka duara lote, nikashuka, nikapanda, nikarudi nyuma kutazama nilichokipita kwa haraka, na nawaambieni, ndugu wasomaji, huu ni usafiri wa umma uliofanywa na watu wanaowaheshimu abiria wao.

Tusianzie kwenye urembo. Tuanzie kwenye shida yenyewe. Moscow tayari ilikuwa na duara, lile la rangi ya kahawia lililofunguliwa kwa awamu kati ya 1950 na 1954. Ni zuri mno, lakini lina vituo 12 na kilomita 19 na ushei tu, na limekumbatia katikati ya mji. Jiji likatanuka, njia zikarefushwa kwenda pembezoni, na mtu wa pembezoni akitaka kwenda pembezoni kwingine akalazimika kuingia mjini kati kwanza, abanane na kila mtu aliyeingizwa mjini kwa sababu hiyohiyo.

Chukua mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya anayesoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, ambacho kilirudishiwa jina hilo Machi 2023. Watu wa kwetu wamesoma pale tangu miaka ya 1960, na kituo cha metro walichozoea ni Belyaevo. Tuseme ana rafiki anayeishi Tekstilshchiki. Zamani alipanda njia ya rangi ya chungwa hadi Oktyabrskaya, akahamia duara la kahawia hadi Taganskaya, akahamia tena njia ya zambarau, ndipo aanze kutoka mjini upya. Leo? Kituo kimoja hadi Kaluzhskaya, anatembea kidogo hadi Vorontsovskaya, anapanda treni ya duara jipya, vituo vinane, kafika! Katikati ya mji hata hapasikii. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko rekodi yoyote: mitaa ambayo ramani iliitenganisha sasa ni majirani.

Na treni! Hizi ni Moskva-2020, zinazoundwa na kiwanda cha Metrovagonmash pale Mytishchi, nje kidogo ya Moscow. Milango ina upana wa mita 1.6. Inaonekana namba ndogo ukiisoma, lakini simama kituo cha Sokolniki jioni watu wakitoka kazini uone wanaoshuka na wanaopanda wanavyopishana bila kusukumana. Mabehewa yameunganika, unatembea kutoka kichwa hadi mkia wa treni bila kufungua mlango. Kuna skrini, kuna sehemu ya kuchajia simu. Mzunguko mzima ni kama saa moja na nusu, na nilipomaliza nilitaka kuanza tena.

Sasa njoo kituo cha Maryina Roshcha. Hapa sijui niseme nini. Ngazi za umeme zina urefu wa mita 130! Ndizo ndefu kuliko zote katika metro ya Moscow. Zimezipiku hata zile za kituo cha Park Pobedy, ambazo kwa miaka mingi wageni walikwenda kuzipanda kwa ajili ya kuzipanda tu. Ukisimama juu huoni chini. Unaona taa zinazozidi kuwa ndogo, na mtu aliyekutangulia anabaki kichwa, kisha kofia, kisha hayupo. Unateremka karibu dakika tatu. Wengine wanasoma vitabu. Kijana mmoja mbele yangu alikaa akifunga kamba za viatu, akamaliza, akainuka, na bado tulikuwa njiani. Kina hiki si mbwembwe: kaskazini-mashariki handaki lilibidi kupita chini ya majengo na chini ya njia za zamani za metro, na njia pekee ilikuwa kwenda chini zaidi.

Kwingine wahandisi walikuja na akili tofauti. Badala ya mahandaki mawili, moja kwa kila upande, katika baadhi ya vipande walitumia mashine kubwa ya kuchimba yenye kipenyo cha takriban mita 10, handaki moja likabeba reli zote mbili. Ukisimama kwenye kituo cha aina hii reli ziko katikati na majukwaa yako pembeni, unawaona abiria wa ng'ambo wakisubiri treni yao. Mimi napenda sana mpangilio huu. Kituo kinakuwa na upana wa ukumbi.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote ni Nagatinsky Zaton, kando ya Mto Moskva. Samaki! Samaki wa mto huo, wa mozaiki, wakubwa kuliko jodari yeyote uliyewahi kumwona akishushwa soko la samaki la Feri. Sogea karibu, unaona vipande vidogo vidogo tu vya rangi, hakuna samaki. Rudi nyuma hatua chache, jicho linatokea, magamba yanatokea, na mnyama mzima anakupita ubavuni. Nilifanya hivyo mara kadhaa na mama mmoja mwenye mfuko wa viazi akaanza kufanya pamoja nami. Kituo cha pembezoni, mbali na Kremlin, mbali na watalii, na bado mtu aliketi akapanga magamba.

Sokolniki nayo imenigusa, kwa sababu ni pale metro ya Moscow ilipoanzia: tarehe 15 Mei 1935 njia ya kwanza ilifunguliwa ikiwa na Sokolniki mwanzoni mwake. Kituo kipya cha duara, kilicho chini zaidi ya kile cha zamani, kimepambwa kwa heshima ya wajenzi wale wa kwanza.

Halafu kuna kipande cha kusini-magharibi ambacho msomaji wa Tanzania na Zambia atakitazama kwa jicho la pekee. Vituo vya huko, Aminyevskaya, Michurinsky Prospekt na Prospekt Vernadskogo, vilijengwa na kampuni ya China, CRCC. Kampuni yake tanzu, CCECC, ndiyo iliyotokana na ofisi iliyosimamia ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na kampuni hizohizo mbili ndizo zilizopewa kipande cha reli ya SGR ya Tanzania cha Mwanza hadi Isaka. Michurinsky Prospekt imepambwa kwa mtindo wa Kichina, na inapendeza.

Vituo vya mwanzo, vile vya 2018, naviona vikavu kidogo, isipokuwa CSKA yenye sanamu kubwa za wanamichezo. Kakhovskaya, Varshavskaya na Kashirskaya si vipya kabisa: vilijengwa 1969, njia iliyoviunganisha ikafungwa 2019, navyo vikakarabatiwa na kumezwa na duara. Nimefurahi havikubomolewa.

Tahadhari moja kwa mgeni. Kati ya vituo 31, viwili, Shelepikha na Delovoy Tsentr, viko kwenye tawi linalochepuka baada ya Khoroshyovskaya. Si kila treni inazunguka, kwa hiyo soma kibao cha mbele kabla ya kupanda. Pia usilichanganye na duara la tatu, lile la juu ya ardhi la kilomita 54 lililoanza kubeba abiria 2016 kwenye reli ya 1908. Nalo ni zuri, ila ni hadithi nyingine.

Ukija, panda Sokolniki asubuhi baada ya wafanyakazi kupungua, uelekee kusini kupitia Lefortovo, ushuke Nagatinsky Zaton kwa samaki, uendelee hadi Michurinsky Prospekt, na umalizie Maryina Roshcha ukipanda zile mita 130 kwenda juu. Duara lilipofungika, pale kituo cha Novatorskaya ilikuwa ikijengwa tayari njia nyingine mpya ya kwenda Troitsk, na kipande chake cha kwanza kilifunguliwa 2024.